Rwenzori kutoka Kisumu: mwongozo kamili wa safari ya kibanda hadi kibanda, hadi kwenye barafu ya Margherita

Mkazi wa Kisumu anayetaka kutembea juu ya barafu ya kudumu, akiwa amefungwa kamba na kuvaa kramponi (meno ya chuma yanayofungwa chini ya viatu), hahitaji kupanda ndege. Basi la Kampala na jingine la Kasese litamfikisha chini ya Rwenzori, mlima wa tatu kwa urefu Afrika baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Kilele chake, Margherita, kina mita 5,109. Njia yake hutoka kibanda kimoja hadi kingine kwa siku saba au zaidi, ikipita msituni, kwenye kinamasi, kwenye mawe na mwishowe kwenye barafu yenyewe.

Ninawaandikia wale wa vikundi vya kutembea milimani vya Kisumu, Kakamega, Kitale na Nakuru ambao wameshazoea Longonot na Menengai, pengine Elgon pia, na sasa wanataka kitu kigumu zaidi. Kikundi kikikaa kupanga, kwa kawaida watu huanza na kilele: lini tutafika juu, na nani atabeba bendera. Anzeni na usiku. Mtalala wapi, kwenye mwinuko gani, na mna usiku wa akiba? Kisumu iko mita 1,131 juu ya usawa wa bahari. Elena, kibanda cha mwisho kabla ya barafu kwa njia ya kati, kiko mita 4,541. Pengo hilo ndilo linalorudisha watu nyumbani, wakiwemo wenye miguu ya chuma.

Hatua ya kwanza: chagueni njia kwa kuhesabu mahali pa kulala

Kanuni inayotumiwa na wapanda milima kote ni hii: ukishapita mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne ulale tena palepale. Chukueni karatasi mpime njia mbili kuu za Rwenzori kwa kanuni hiyo.

Njia ya kati huanzia Nyakalengija, kwenye mita 1,600 na kidogo. Usiku wa kwanza ni Nyabitaba, mita 2,650. Wa pili ni John Matte, karibu mita 3,400. Wa tatu ni Bujuku, karibu mita 3,960, na wa nne ni Elena. Kila kituo kimezidi kile cha nyuma yake kwa zaidi ya mita 500, na hakuna siku ya kupumzika. Ratiba za kawaida huuzwa hivyo kwa sababu siku chache huvutia wateja. Msikubali. Ongezeni usiku wa pili Bujuku. Siku hiyo pandeni taratibu mita mia mbili au tatu juu ya kibanda, kaeni kidogo, kisha mrudi mle na kulala. Gharama yake ni siku moja ya likizo na posho ya wapagazi, na hakuna shilingi nyingine katika safari nzima itakayowafaa zaidi.

Njia ya Kilembe huanzia kwenye mita 1,450, karibu na migodi ya shaba iliyofanya reli ifikishwe Kasese mwaka 1956. Ilifunguliwa kwa watalii mwaka 2009. Hulala Sine (karibu 2,600), Kalalama (karibu 3,150), Mutinda (karibu 3,600), Bugata (karibu 4,060), kisha hupita juu ya mwanya wa Bamwanjara kwenye mita 4,450 na kushuka tena kulala Hunwick's, chini kidogo ya 4,000, kabla ya kambi ya Margherita iliyo karibu mita 4,480. Tazameni jinsi inavyopanda ngazi kwa ngazi, tena inawapitisha juu mchana na kuwashusha usiku. Ni ndefu zaidi, na mabonde yake yanachosha. Lakini kwa mwili uliotoka kando ya ziwa, mimi ningechagua hiyo kila mara likizo ikiruhusu. Njia ya kati nawaachia wanaoishi juu, watu wa Eldoret, Iten au Molo, na wenye nia ya dhati ya kulipia usiku wa ziada.

Ratiba ya njia ya kati, ukihesabu kutoka Kisumu, inakuwa hivi: usiku mmoja Kampala, mmoja Nyakalengija, kisha Nyabitaba, John Matte, Bujuku mara mbili, na Elena. Alfajiri inayofuata mnapanda Margherita, na siku hiyohiyo mnashuka kupitia mwanya wa Scott Elliot hadi kibanda cha Kitandara. Halafu kibanda cha Guy Yeoman, Nyakalengija, Kampala, nyumbani. Wekeni usiku mmoja wa akiba ambao haujapangiwa kazi, ili mvua ikifunga mlima mkiwa Elena msilazimike kupanda gizani kwa sababu tu Jumatatu mnatakiwa kazini.

Hatua ya pili: tarehe

Miezi mikavu ni Desemba hadi Februari, na Juni hadi Agosti. Neno "mikavu" hapa ni la kulinganisha tu, maana Rwenzori hunyesha mwaka mzima na theluji yaweza kuanguka mwezi wowote. Walimu, ambao ni wengi katika vikundi vyetu, likizo za Agosti na Desemba zinawafaa. Ya Aprili iacheni.

Hatua ya tatu: kwenda kliniki kabla ya kwenda dukani

Miongozo mingi ya milima imeandikiwa watu wa nchi za baridi, kwa hiyo mambo mawili yanayotuhusu sisi wa magharibi ya Kenya hayamo humo.

La kwanza ni selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu zenye umbo la mundu. Eneo letu lina watu wengi wenye chembe hizo, na wengi waliorithi kutoka kwa mzazi mmoja tu hawajui, kwa sababu hawaugui. Mwenye ugonjwa wenyewe asiende kwenye mwinuko huu hata kidogo. Aliyerithi upande mmoja anaweza kuishi maisha yake yote salama, lakini hewa inapokuwa nyembamba huenda damu ikakosa kufika vizuri kwenye wengu, na hayo ni maumivu makali ya ubavu wa kushoto yanayotaka hospitali mara moja. Kila mmoja apimwe na ajue hali yake, kisha azungumze na daktari kabla ya kulipa chochote.

La pili ni malaria. Ukiumwa na mbu Kisumu leo, homa huja baada ya siku saba au zaidi, yaani wakati ambao utakuwa Bujuku. Kichwa kuuma, kutapika, kuchoka, kukosa hamu ya chakula: dalili hizo ni zilezile za ugonjwa wa mwinuko, na kiongozi wa njia akiziona atadhani ni mwinuko tu. Homa kali ndiyo inayopaswa kukushtua, kwa kuwa si dalili ya kawaida ya ugonjwa wa mwinuko. Bebeni kipimajoto, vipimo vya haraka vya malaria na dawa kamili, na daktari awaeleze mapema namna ya kuvitumia. Laleni ndani ya neti wiki zote za mwisho kabla ya kuondoka. Hata hivyo, mgonjwa asisubiri juu akibishaniwa ana nini. Ashuke, maana kushuka kunafaa kwa yote mawili.

Dawa ya Diamox husaidia mwili kuzoea mwinuko, lakini wenye mzio wa dawa za salfa waseme kwa daktari kwanza. Chanjo ya homa ya manjano na kadi yake ya njano ni lazima kwa kuingia Uganda.

Hatua ya nne: miezi mitatu au minne ya mazoezi

Pandeni Riat na mteremko wa Nandi mkiwa na begi la kilo kumi mgongoni, si mara moja kwa mwezi bali kila wiki. Kushuka ndiko kunakovunja magoti, kwa hiyo msipande boda kurudi. Tembeeni pia na gambuti, kwa saa kadhaa, kwenye matope ya kweli. Msitu wa Kakamega wakati wa mvua unatosha. Sehemu kubwa ya Rwenzori mtatembea na gambuti, na mguu uliozoea raba hupata malengelenge siku ya kwanza.

Mambo ya kamba jifunzeni Hell's Gate, huko Naivasha, ambako watu hupanda mawe mwaka mzima. Lipeni mwalimu awafundishe kuvaa hanesi (mikanda ya kiunoni na mapajani ya kufungia kamba), kufunga fundo la nane na kulikagua kwa macho na kwa vidole. Kisha rudini nyumbani mfanye zoezi ambalo wapita njia watalishangaa: mfungane watatu watatu kwa kamba moja, mzunguke uwanja wa shule kwa mwendo mmoja bila kamba kulegea wala kumvuta mtu. Ni jambo dogo, lakini kule juu ndilo linalookoa.

Kipimo halisi cha kikundi ni Elgon. Ingieni kwa lango la Chorlim, ng'ambo ya Kitale na Endebess, mkiwa na askari wa Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS), mlale huko juu, mpande Koitoboss ambayo ina karibu mita 4,200. Angalieni nani amelala vizuri, nani hali chakula, nani anaficha kichwa kinachouma. Mwenye likizo ndefu afanye Elgon siku chache tu kabla ya Rwenzori: ashuke Kitale, apite Bungoma hadi Malaba, aende moja kwa moja Kampala. Mwili utakuwa bado unakumbuka mwinuko. Akikaa nyumbani wiki kadhaa baada ya Elgon, faida hiyo itakuwa imepungua sana.

Hatua ya tano: vifaa

Nusu ya mahitaji yenu yako soko la Kibuye. Siku ya Jumapili, kwenye mitumba, tafuteni koti la mvua lenye mishono iliyozibwa kwa ndani. Geuzeni nje ndani muone utepe juu ya mshono, na kama umebanduka liacheni. Tafuteni sweta za sufu, suruali nyepesi zinazokauka haraka, kofia ya kufunika masikio, glavu jozi mbili. Jinzi na fulana za pamba zibaki nyumbani, kwa kuwa pamba ikilowa Rwenzori haikauki tena mpaka mrudi.

Gambuti nunueni mpya, zinazofika chini ya goti na zenye nafasi ya soksi mbili. Mfuko wa kulalia uwe wa baridi ya chini ya sifuri. Kama haupatikani kwa bei nzuri, ukodisheni. Funga kila kitu ndani ya mifuko migumu isiyopitisha maji, mfuko ndani ya mfuko. Tochi ya kichwani na betri za akiba. Miwani ya jua myeusi kwelikweli: jua la ikweta likipiga barafu huunguza macho kwa saa chache, na rangi ya ngozi haikingi jicho. Mafuta ya kukinga jua pia, mpaka chini ya pua.

Kramponi, sululu ya barafu, hanesi, helmeti na viatu vigumu hukodishwa na kampuni za kule. Kramponi haifungiki kwenye gambuti, kwa hiyo kila mtu atahitaji viatu vigumu vya kupandia barafu. Vijaribuni Kasese au langoni kabla ya kuanza, mkiwa na soksi mtakazovaa juu. Funga kramponi, piga teke hewani mara kadhaa, ikicheza, badilisha. Msikubali maneno ya "tutarekebisha Elena". Elena ni baridi, ni giza, na vidole havishiki mikanda.

Hatua ya sita: wenyeji, malipo na mpaka

Haruhusiwi mtu kuingia bila kiongozi, na ni vizuri iwe hivyo. Mbuga iko chini ya mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, UWA. Njia ya kati huendeshwa na Rwenzori Mountaineering Services, ya Kilembe na Rwenzori Trekking Services. Ulizeni bei ya wakazi wa Afrika Mashariki, na mwambiwe wazi imejumuisha nini: kiingilio, vibanda, chakula, wapagazi, vifaa vya barafu. Kisha ulizeni maswali ambayo bei haiyajibu. Hali ya barafu ikoje mwezi huu? Ngazi na kamba za kudumu ziko salama? Kiongozi mmoja kwa watu wangapi siku ya barafu? Atakayeugua anashushwaje? Jibu la kweli la swali la mwisho ni machela, mabega ya wapagazi na siku nzima au zaidi ya matope. Msitegemee helikopta, na msome bima yenu kama inakubali kupanda kwa kamba juu ya mita 4,500, nyingi hazikubali. Na kwa kuwa mlima umegawanywa na mpaka wa Congo, ulizeni UWA kuhusu usalama mara mbili: mnapolipa, na wiki mnayoondoka.

Wapagazi na viongozi wengi ni Wakonzo, watu wa mlima huo. Kila mmoja wenu achukue mpagazi, hata yule kijana anayejiona ana nguvu. Ulizeni kiwango cha uzito wa mzigo na mkiheshimu, na bakshishi muitenge tangu Kisumu ndani ya bahasha, isije ikaliwa njiani.

Mpakani Busia mnavuka kwa kitambulisho cha taifa, ingawa pasipoti hupunguza maswali. Badilisheni pesa kwenye duka lenye leseni. Kutoka Kampala hadi Kasese ni zaidi ya kilomita 300, kwa hiyo siku ya kufika ni ya kuoga na kulala, si ya kuanza kutembea.

Hatua ya saba: siku za njiani

Kwa njia ya kati, siku ya pili mtavuka daraja la Kurt Schafer chini ya mahali ambapo mito Mubuku na Bujuku inakutana, na kutoka hapo mianzi inaanza. Ya tatu ni ya kinamasi cha Bigo. Mbao zimewekwa sehemu nyingi, lakini si zote, na penye majani ya mafungu mafungu kuna hila yake: kanyaga katikati ya fungu, siyo ukingoni, na fimbo itangulie mguu. Tope likishika gambuti usivute kwa nguvu mguu ukabaki na soksi. Inua kisigino kwanza, tikisa, hewa iingie, ndipo utoe.

Maji huchemka kwa joto dogo zaidi kadiri unavyopanda. Karibu na Elena huchemka kwenye nyuzi 85 hivi badala ya 100, kwa hiyo maharagwe na githeri havitaiva hata mkikesha. Mchele huchukua muda mrefu. Bebeni njugu, simsim, tende, unga wa uji na sukari ya kutosha, na chapati za siku mbili za kwanza. Hamu ya kula itapotea. Mle hivyohivyo, kidogo kidogo, na mnywe chai mpaka mkojo uwe mweupe.

Jioni kila kibandani, mfanye ukaguzi mmoja. Kila mtu atembee hatua kumi kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Anayeyumba, anayeongea ovyo, au anayehema akiwa ameketi, anashuka usiku huohuo, na mtu wa pili kutoka kikundini anashuka naye. Wenyeji wanaojua kazi yao hawamwangalii anayelalamika, humfuata aliyenyamaza. "Dada, umekula?" kiongozi atauliza mlangoni, naye atasubiri mpaka aone sahani yenyewe.

Hatua ya nane: barafu

Mwaka 1906, Luigi Amedeo, mwanamfalme wa Italia mwenye cheo cha Duke wa Abruzzi, alipofika Margherita kwa mara ya kwanza, barafu ya Rwenzori ilienea karibu kilomita za mraba 7.5. Karne moja baadaye ilikuwa imebaki karibu 1.5, na inazidi kuyeyuka. Maana yake kwa mpangaji ni ya moja kwa moja: maelezo ya mtu aliyekwenda miaka mitano iliyopita hayaaminiki tena. Nyufa zimefunguka palipokuwa tambarare, na mawe yaliyoshikwa na barafu yamelegea. Mfuateni kiongozi aliyekuwa huko mwezi huu.

Mtaondoka Elena saa tisa au kumi usiku. Laleni na betri, glavu na soksi ndani ya mfuko wa kulalia. Mawe yanayofuata kibanda huwa yamejaa umande ulioganda, na wengi huteleza hapo kuliko kwenye barafu, kwa hiyo helmeti ivaliwe tangu mlangoni. Ukingoni mwa uwanda wa Stanley, ambako barafu inaanza, mnakaa chini, mnafunga kramponi, na kiongozi anawafunga kamba.

Kuanzia hapo kumbukeni mambo machache, lakini myashike yote. Kanyaga kwa unyayo wote ili meno yote yaingie. Panua miguu kidogo, jino lisije likanasa suruali ukaanguka. Sululu iwe mkono wa upande wa mlima. Kamba ikae kati yenu ikigusa barafu kidogo tu. Usiishike kwa kuizungusha kiganjani, wala usiikanyage. Penye ufa, mnavuka mmoja mmoja kwa kuukata moja kwa moja kwa upana wake, na wawili waliobaki wanasimama imara. Akianguka mtu, ninyi mnajitupa chini na kugandamiza sululu kwenye barafu papo hapo, kabla ya kuuliza kumetokea nini.

Kutoka uwandani mnashuka tena, halafu mnaikabili barafu ya Margherita yenyewe, iliyo wima zaidi, na mwisho ni mwamba wenye kamba za kudumu. Kubalianeni jioni, mkiwa na akili timamu, saa ya kugeuka. Mimi naiweka saa nne asubuhi. Baada ya hapo jua hulainisha theluji, ukungu hupanda kutoka Congo, na kiongozi hazioni alama zake. Ikifika saa nne mko hatua mia chini ya kilele, geukeni, na jambo hili lisipigiwe kura pale juu, kwa sababu kichwa chenye hewa haba hupenda kilele kuliko ukweli.

Kushuka

Siku ya Margherita haiishii Margherita. Bado mna saa kadhaa hadi Kitandara, na magoti yatakuwa yamechoka, kwa hiyo bakizeni chakula na nusu ya nguvu. Kesho yake ni mwanya wa Freshfield, mita 4,282, na chini yake mtapita pango la Bujongolo, alikoweka kambi yake yule Mwitalia. Njia inayofuata ni ya mawe yenye kuvu, ya kuteleza kuliko siku zote zilizopita. Langoni mkabidhi bahasha kwa mkono wa kila mpagazi.

Mkirudi Kisumu, yeyote atakayepata homa ndani ya wiki tatu aende hospitali siku hiyohiyo, aombe kupimwa malaria, na amwambie mhudumu tangu mlangoni kwamba ametoka Uganda, alilala wapi na kwa siku ngapi.